Uswahilini Ndiko Alikokuja Kuposa

Mjini hapa mtu akikuuliza "unakaa wapi?" usidhani ana mpango wa kuja kukutembelea. Anakupima. Na sisi watu wa Dar es Salaam majibu tunayo. Kuna dada mmoja nilifanya naye kazi, miaka yote yeye alikuwa "nakaa Sinza". Siku moja akaugua, tukachanga tukaenda kumjulia hali. Gari likaipita Sinza yote, likaingia vichochoroni, tukashukia Tandale kwa Mtogole. Wenzangu wakaangaliana. Mimi nilicheka kimoyomoyo, maana nyumba ya tatu kutoka pale ndipo alipokuwa akiishi shangazi yangu. Yuko pia wa Masaki ambaye ukimfuatilia unakuta ni wa Bonde la Mpunga, Msasani. Si waongo sana hawa, jamani. Wanasogeza mpaka tu.

Wanachokikimbia ni neno moja: uswahilini. Vijana wamelikata likawa uswazi, na lilipokatwa likapata utamu kidogo: chipsi za uswazi, pweza wa uswazi, mtoto wa uswazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Juma Nature na wenzake wa TMK Wanaume walilichukua jina la Temeke wakalivaa kifuani kama medali. Diamond Platnumz amelelewa Tandale, na mwaka 2018 alirudi palepale kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo ukiwa na gari kubwa na walinzi wawili, kutoka uswazi ni sifa. Ukiwa umeshuka daladala na kapu la nyanya, hapo ni uswahilini, na neno hilo refu bado linauma. Kwangu lilifika mpaka chumbani kwa mume na mke, ndiyo maana leo naliandikia.

Hebu tulitazame kwanza. Mswahili kwa asili ni mtu wa pwani, neno lenyewe lina mzizi wa Kiarabu, sawahil, yaani pwani. Uswahilini basi ni kwa Waswahili, kama vile Uchagani ni kwa Wachagga na Ugogoni ni kwa Wagogo. Mpaka hapo hakuna tusi. Na kweli, mtu akianza na "Waswahili wanasema", kisha akatoa methali, wote tunatikisa kichwa kwa heshima. Lakini mdai mtu hela yako, akuzungushe wiki tatu, utamwambia nini? "Acha uswahili wako!" Mswahili yuleyule, asubuhi mwenye busara, jioni tapeli. Halafu kuna "sisi Waswahili bwana", ambayo hutamkwa tukichelewa kwenye harusi, na siku hiyo Mhaya yumo, Mnyakyusa yumo, Msukuma yumo, kila mtu kawa wa pwani.

Sasa chukua vurugu hiyo yote uipachike kwenye ramani. Ukisema "uswahilini", umesema mahali. Umesema pia kwamba watu wa hapo hawana hela. Na umesema kwamba wana tabia fulani: maneno mengi, mipasho, kanga moja mchana kweupe, kelele. Hujasema ni lipi kati ya hayo unalikusudia, na hakuna anayekuuliza. Hapo ndipo neno hili linapofanya kazi yake chafu. Unaanza kulalamikia choo cha shimo, unamalizia kwenye malezi ya mama wa watu.

Wala si sisi tulioanza. Wajerumani walianza kuugawa mji huu kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza, waliouteka mwaka 1916, wakaendeleza. Mji ukawa na kanda tatu, na wananchi wakazipa majina yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kanuni za Waingereza zilikuwa na ustaarabu wa ajabu. Hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya nyumba. Huku za Kizungu, hapa za maduka, kule za kienyeji. Kati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja huohuo tunaopumzikia, eti watu na maradhi yao wasikaribiane. Ng'ambo ya uwanja ilikuwa Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps. Unguja nako Mji Mkongwe ulitengwa na upande wa pili kwa mkono wa bahari. Upande huo ukaitwa Ng'ambo. Maji yalishafukiwa zamani, ikapita barabara, lakini Ng'ambo ni Ng'ambo mpaka leo.

Nikikumbuka hayo huwa nacheka peke yangu, maana uhuru wenyewe ulipikwa uswahilini. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ukingoni mwa Mnazi Mmoja. Mwalimu Nyerere naye aliishi Magomeni siku zile za kudai uhuru, na nyumba ile sasa ni makumbusho. Watoto wa shule za ada kubwa wanapelekwa kwa basi kuiona.

Basi mimi ni mtoto wa Tandale. Nyumba yetu ni ile ya vyumba sita unayoijua: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, nyuma ua, na uani jiko, bafu na choo. Marehemu baba alikuwa fundi seremala, akaijenga kidogo kidogo, mwaka huu tofali, mwaka ujao bati. Vyumba vitatu tulikaa sisi, vitatu vya wapangaji. Kodi ya vile vitatu, inayolipwa kwa miezi sita, ndiyo iliyonitoa sekondari mpaka chuo. Kila nikisikia uswahilini hakuna maendeleo, nakumbuka mama anahesabu noti kitandani, ananitengea za ada kwanza ndipo anunue unga.

Sitaki nikudanganye, msomaji. Si kwamba kulikuwa peponi. Mvua za masika zikianza, maji ya mtaroni yanakuja kukusalimia sebuleni. Choo kimoja, familia nne, asubuhi mnapanga foleni na makopo yenu. Luku moja, na ugomvi wake: nani kapiga pasi, nani kanunua friji ya siri. Kigodoro kikipigwa mtaa wa nyuma, hulali mpaka adhana ya alfajiri. Na siri hakuna. Kijana akinisindikiza mpaka kona tu, taarifa ilikuwa inafika nyumbani kabla ya miguu yangu. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 2015, kikianzia wilaya yetu ya Kinondoni, mama alichemsha mpaka maji ya kusukutulia.

Lakini usiku aliofariki baba, ndugu zetu wa Morogoro hawajapata hata simu, turubai lilikuwa limeshafungwa na sufuria za shughuli zimeshaletwa. Mama mmoja ambaye alikuwa hasemeshani na mama yangu tangu Ramadhani, kisa kamba ya kuanikia nguo, ndiye aliyekaa jikoni siku tatu. Baada ya arobaini wakarudi kununiana. Hayo nayo ni uswahili, sijui unayaweka fungu gani.

Sasa hivi naishi Goba, nyumba yenye ukuta na geti. Mwaka wa saba huu. Jirani yangu wa kushoto namjua kwa honi.

Niseme kidogo na la wanawake wenzangu, halafu nirudi kwenye mada. Binti wa Mikocheni akitaka kuolewa, inafanywa kicheni pati ya nguvu, ukumbi una kiyoyozi, viti vimevikwa vitambaa, sare za kitenge. Halafu anatafutwa kungwi. Anatoka wapi? Si Masaki! Anatoka Manzese, Magomeni, Mbagala, anakuja na kanga zake na mkoba wa shanga, na analipwa vizuri. Siku hiyo uswahilini ni chuo kikuu. Wanaume nao ni walewale: mke wanataka awe wa kishua, mahaba yawe ya uswahilini. Kungwi akimaliza somo anaitiwa bodaboda, arudi alikotoka kabla wageni wa heshima hawajafika.

Turudi. Mume wangu si mtu mbaya. Nasema mapema, maana najua baadhi yenu mkianza kusoma mnatafuta wa kumlaumu. Amekulia kota za reli, Tabora, nyumba zimepangwa mstari, kila familia na choo chake, baba mkali, saa kumi na mbili jioni watoto ndani. Anampenda mama yangu, kila Idi anamnunulia doti ya kanga na anachagua mwenyewe maneno. Mwaka jana, likizo ya Desemba, binti yetu wa miaka minane akaomba akakae wiki mbili kwa bibi Tandale. Baba yake akaniambia usiku, "Mke wangu, aende asubuhi arudi jioni. Kulala uswahilini hapana. Atarudi na uswahili."

Nilidhani tumeongea wawili. Kumbe mtoto hakuwa amelala.

Jumapili tukaenda kusalimia. Mama yuko uani, anapepea jiko la mkaa, anakaanga mihogo, wapangaji wamekaa kwenye mikeka wanasukana. Mtoto, na ile sauti yake ya kusomea shairi shuleni, akasema: "Bibi, mimi siwezi kulala hapa. Baba amesema huku ni uswahilini."

Kukawa kimya. Mama hakugeuka. Akageuza muhogo, akautoa, akaukung'uta mafuta. "Mwambie baba yako," akasema, "uswahilini ndiko alikokuja kuposa. Na pilau akala, akaomba na ukoko."

Wapangaji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka.

Alikuwa na kawaida ya kuja kwangu kila Jumamosi ya pili, anabadili daladala mara mbili, anafika na mchicha na karanga za kutwanga. Jumamosi ile hakuja. Iliyofuata hakuja. Nikampigia. "Mwanangu," akaniambia, "huko kwenu kuna geti. Mtu wa uswahilini nitabisha hodi saa ngapi, na nani atanisikia?" Ikapita Januari, ikapita Februari. Nilikuwa naenda mimi Tandale, napokewa vizuri, napikiwa. Ila akiulizia habari za nyumbani, mume wangu alimruka kama anavyoruka mtaro.

Nilipomweleza mwenzangu, alishangaa kikweli. "Mimi sikumsema mama. Nimesema mazingira." Nikamuuliza, mazingira gani hayo, mama akae ndani yake miaka arobaini na asiwemo? Akanyamaza, akawasha televisheni. Siku kadhaa tukawa tunaongea ya mkate na maziwa tu. Wenye ndoa mnaelewa.

Kilichofuata sikukipanga. Kule Goba, kama sehemu kubwa ya Dar, kiwanja tulinunua kwa mwenyeji, tukaandikishana mbele ya serikali ya mtaa, tukajenga. Upimaji ulikuja baadaye sana. Karatasi za upimaji huo zilikuwa kwenye bahasha kabatini, na mimi nilikuwa natafuta cheti cha kliniki cha mtoto. Nikazisoma, kumbe sijawahi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa kwamba huo ni mradi wa urasimishaji wa makazi yaliyojengwa kiholela. Yetu hayo. Geti, vigae, mti wa maua na kila kitu. Wakati Kariakoo, ile Uswahilini ya asili, ilichorwa mitaa yake kwa rula tangu enzi za wakoloni, na Magomeni nako kulipimwa kabla sijazaliwa. Kota za Magomeni zilivunjwa, na mwaka 2022 zikafunguliwa ghorofa mpya kwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Wana lifti. Sisi wenye hadhi tunangoja greda la kusawazisha njia.

Niliiweka ile karatasi mezani, kando ya chai yake, sikusema neno. Aliisoma mara mbili. Halafu akacheka, kicheko chake cha zamani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Desemba. "Kwa hiyo na sisi ni uswahilini?" Nikamwambia, hapana baba watoto, uswahilini watu wanasalimiana.

Usiku huo tuliongea. Nilimwomba kitu kimoja tu, aniambie kila anachokiogopa kule Tandale, lakini lile neno asilitumie. Alipata shida mwanzoni, kama mtu aliyenyang'anywa fimbo. Kisha vikaanza kutoka, kimoja kimoja. Anaogopa choo na maji. Anaogopa bodaboda zinazopita mbio mlangoni. Anaogopa kigodoro, watoto kukesha wanaangalia wakubwa wanavyocheza. Na akasema, kwa sauti ya chini, anaogopa kuna mpangaji mpya wa kiume, hatumjui, na korido ni moja.

Hapo nilimsikia. Mpangaji mgeni hata mimi namwogopa, na mama yangu mwenyewe alipokuwa akitulea alituogopea hivyohivyo. Ndiyo maana tulilala chumbani kwake, komeo kwa ndani, mpaka tulipokuwa wasichana wakubwa. Miezi mitatu tulikuwa tunagombana juu ya heshima ya mama, kumbe chini yake kulikuwa na komeo la mlango, ambalo mama angelikubali kabla hujamaliza kuomba. Lilibaki la matusi. Hilo nilimkumbusha kwamba tusi la kwanza mtoto wetu alilitoa kwenye basi la shule, na ada ya shule hiyo anaijua yeye mlipaji.

Jumamosi aliondoka peke yake, hakuniambia anakwenda wapi. Alirudi jioni akinukia moshi wa mkaa, ana mfuko wa karanga za kutwanga. Walichoongea sikijui chote. Najua alikaa uani, si sebuleni, maana mpangaji mmoja alinipigia saa hiyohiyo kunipa habari (uswahili una faida zake). Najua alipeleka tangi la maji na fundi wa kutengeneza mlango wa choo. Na najua alipotamka jambo la komeo, mama alimjibu: "Mwanangu, hilo ungelianza nalo Desemba."

Mama alikuja Goba wiki mbili baadaye. Alibisha hodi getini kwa jiwe, kwa nguvu zake zote, mpaka jirani wa kushoto akatoka nje kuangalia kuna nini. Nilikuta wanasalimiana. Mpaka ninaandika hivi, mama anajua yule jirani anatoka wapi, ana watoto wangapi, na kwamba mguu unamsumbua. Mimi mwaka wa saba.

Likizo ya Juni binti alikwenda Tandale wiki mbili kamili, akalala kitanda kimoja na bibi yake. Amerudi anajua kucheza rede, anajua kupepeta mchele, na anampa shikamoo kila mkubwa anayepita, hata muuza maji. Amerudi pia na neno moja jipya ambalo mhariri hatalichapa. Alilitamka mezani, tunakula. Baba yake akaniangalia. Nikamwangalia.

"Hilo," akasema, akivuta bakuli la mchuzi, "limetoka kwenye basi la shule."